Katika Kutoa na Kupokea

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mk 8:22–25, 2 Fal 4:1–7, Lk 22:24–27, Mdo 9:36–39, 2 Kor 8:10–21, Flp 4:10–19.

Huko Bethsaida Yesu alimshika mkono kipofu, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate ya macho na kumwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Mtu yule angeweza kujibu kwamba anaona vizuri, akashukuru na kwenda zake. Waliomleta walitaka habari njema, na aliyemhudumia alikuwa mtu mwenye sifa kubwa. Badala yake alisema kweli: anawaona watu, ila wanaonekana kama miti, nao wanatembea. Yesu hakumkemea kwa kuleta taarifa isiyopendeza, wala hakumwambia kwamba sehemu yake imekwisha. Aliweka mikono tena.

Kisa hiki kifupi kinaingia moja kwa moja katika jambo linalowagusa wengi wanaoishi kati ya Shinyanga na Geita. Katika nchi hiyo si rahisi kwenda mbali bila kukuta bango la mradi lenye jina la mfadhili. Mabango mengine rangi imechujuka, na kazi iliyoandikwa juu yake haionekani tena. Mengine yamesimama mbele ya kazi inayoendelea hata baada ya mfadhili kuondoka. Ni nini kinachotofautisha haya mawili? Na je, mtoaji anadaiwa nini na mpokeaji, zaidi ya kile kitu alichompa?

Mwaka 1986 Serikali ya Tanzania ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, mpango unaokumbukwa kwa kifupi chake, HASHI. Shinyanga ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, na Bukombe ilikuwa ndani yake kabla ya kuhamia Mkoa wa Geita mwaka huo huo. Nchi hiyo ilikuwa imebaki karibu uchi. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu na kuwaweka mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mkoa ulifikia kuitwa jangwa la Tanzania.

HASHI ilianza kama miradi mingi inavyoanza. Miche iliotesha katika vitalu vikubwa, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, ikapelekwa vijijini ili ipandwe. Mafanikio yalikuwa haba. Kwa taratibu za kawaida za ufadhili hapo ndipo hadithi ingekwisha: taarifa ingetaja idadi ya miche iliyogawiwa, picha zingepigwa, na fedha zingehamia mkoa mwingine wenye shida mpya. Lakini fedha za Norway, zilizokuja kupitia shirika lake la NORAD, hazikuondoka. Watafiti wa kituo cha kilimo mseto cha ICRAF, chenye makao yake Nairobi, nao waliendelea kushirikiana na watumishi wa Serikali. Kwa kuwa waliendelea kuwapo, walipata muda wa kusikiliza kile ambacho Wasukuma walikuwa wakikijua tangu zamani.

Kile walichokijua kinaitwa ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, majani na miti ikapata nafasi ya kukua. Hufunguliwa kiangazi kikiwa kikali, wakati ambapo maksai, ndama na wanyama dhaifu hawana kingine cha kula. Ndani yake hupatikana kuni, nyasi za kuezekea, asali, dawa na matunda. Familia huwa na ngitili yake, na kijiji huweza kuwa na ya pamoja. Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu zilizojulikana. HASHI ikabadili njia. Badala ya kuleta msitu, ikasaidia watu kuurudisha wa kwao. Mara nyingi hilo halikuhitaji hata mche mmoja, kwa maana visiki na mizizi vilikuwa bado hai ardhini, vikisubiri kuachwa vichipue. Sheria za kulinda maeneo hayo zilipitia dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu wakasaidia kuzisimamia. Mpango ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, ngitili zilizorejeshwa zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba manufaa yake kwa mtu mmoja yalikuwa dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50.

Linganisha na mjane aliyemlilia Elisha. Mdai alikuwa amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii aliuliza maswali mawili mfululizo: amfanyie nini, na ana kitu gani nyumbani. Swali la pili ndilo ambalo wafadhili wengi hulisahau. Mjane alijibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Hiyo “ila” ndiyo iliyokuwa mtaji wote. Muujiza ulianzia kwenye chupa yake mwenyewe, ukapita katika vyombo vya majirani zake, na mikono iliyomimina ilikuwa yake, wanawe wakimletea vyombo, mlango ukiwa umefungwa. Elisha hakuwamo chumbani. Lakini mwanamke aliporudi kwake alimkuta, akapata shauri la hatua iliyofuata: auze, alipe deni, aishi kwa kilichobaki. Ngitili ilikuwa chupa ya mafuta ya Shinyanga. Wataalamu waliofika na miche yao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa tu bado hawajauliza swali la pili.

Hesabu ya miaka ni muhimu hapa. Kutoka 1986 hadi 2004 ni miaka kumi na minane. Mpango wa miaka mitatu ungefungwa ukiwa bado katika kugawa miche, na ungehesabiwa kuwa umeshindwa, au, kibaya zaidi, ungehesabiwa kuwa umefaulu.

Sasa nenda Rwamagasa, katika machimbo madogo ya Wilaya ya Geita. Mwaka 2002 ulianza mradi wa kimataifa wa kupunguza zebaki, ukisimamiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Ulifanya kazi katika nchi sita, na Tanzania eneo lake lilikuwa hapo. Wachimbaji walipimwa, wakaelezwa madhara ya kuchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki hadharani, wakaonyeshwa chombo cha kufunika kinachonasa mvuke ili usivutwe na watu. Mafundisho yalikuwa ya kweli na yalihitajika sana. Mradi ulimalizika mwaka 2007. Zebaki ikabaki. Si haki kusema kwamba muda mfupi ndio sababu pekee, kwa kuwa mchimbaji mwenye njaa anayetaka kuuza kabla jua halijazama ana hoja zake, na zebaki inapatikana kwa urahisi. Hata hivyo, tabia iliyojengwa na umaskini na haraka haiwezi kubadilishwa na mgeni mwenye tarehe ya kuondoka mfukoni. Zaidi ya miaka kumi baadaye, hapo hapo Lwamgasa, Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilipata kituo cha mfano cha kuchenjua dhahabu bila zebaki, ambako mchimbaji anaweza kuona kwa macho yake kwamba njia nyingine inampa dhahabu nyingi zaidi. Kituo hakiondoki mradi unapokwisha.

Inashangaza kwamba wachimbaji hao hao wana namna yao ya ufadhili, na katika jambo moja inawazidi wenye mashirika. Mwenye duara hulisha wachimbaji kwa miezi kabla ya jiwe lenye dhahabu kuonekana. Hununua magogo ya kuegemeza kuta, hulipia pampu ya maji na mafuta yake. Mawe yakipatikana, kila mmoja anajua fungu lake. Duara likiwa tupu, hasara ni ya mwenye duara na ya mchimbaji pia, mmoja fedha zake, mwingine jasho lake. Usafi wa biashara hiyo ni suala jingine. Wapo wanaonyonywa, na somo hili haliisifii. Lakini hakuna mwenye duara anayetarajia dhahabu mwezi wa kwanza, wala anayemwambia mchimbaji aandike kwamba ameona jiwe ambalo hajaliona. Angeandikiwa hivyo, angekuwa anajiibia mwenyewe.

Hapa ndipo penye kidonda. Chukua mfano wa kikundi cha akina mama kando ya machimbo. Wamepata fedha za kisima na bustani ya mboga kwa mwaka mmoja. Mwezi wa nane pampu inaharibika. Mafundi wa mjini wanataka fedha ambazo hazimo kwenye bajeti, na bajeti hairuhusu kuhamisha hata shilingi kutoka kifungu cha mafunzo kwenda kifungu cha matengenezo. Mwezi wa kumi taarifa inatakiwa. Katibu anajua kwamba kikundi cha kata jirani kiliandika ukweli mwaka uliopita na hakikupata awamu ya pili. Anaandika kwamba mradi unaendelea vizuri.

Je, dhambi hiyo ni ya nani?

Uongo ni wa aliyeuandika. Maandiko hayaachi njia ya kulikwepa hilo. Anania na Safira nao walikuwa wakieleza habari za fedha za kazi ya Mungu (Mdo 5:1–11). Lakini mfadhili ambaye humkatia fedha kila anayekiri tatizo, naye amekuwa mwalimu wa uongo, na atatoa hesabu yake. Rudi Bethsaida. Yesu ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa namna iliyoacha mlango wazi: je, unaona kitu? Hakuuliza kama ameridhika na huduma. Jibu la nusu lilimletea yule mtu mguso wa pili, si aibu. Kama wafadhili wangepokea habari za miti inayotembea kama Bwana alivyozipokea, mafaili mengi maofisini yangekuwa na kurasa chache na ukweli mwingi.

Kwa nini ni vigumu? Kwa sababu msaada huja pamoja na cheo. Usiku ule wa mwisho, wanafunzi waliposhindana nani aliye mkubwa, Yesu aliwakumbusha kwamba wafalme wa Mataifa huwatawala watu wao, na wenye mamlaka hao hupenda kuitwa wenye fadhili. Neno la kawaida la Kiswahili, mfadhili, limo katika onyo hilo. Kutoa kunaweza kuwa njia ya kutawala iliyovaa mavazi ya upole. Anayetoa huketi kiti cha mbele, hotuba humsubiri, ngoma humpigia, na mwenye kijiji husimama juani akisubiri kukata utepe wa jengo lake mwenyewe. Yesu alisema kwamba kwao haiwi hivyo. Mkubwa awe kama anayetumika.

Ukanda wa dhahabu umeishi na swali hili kwa namna ya pekee, kwa kuwa pale mtoaji mkubwa mara nyingi ndiye pia anayechimba. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi misaada ya migodi kwa vijiji ilionekana kama hisani ya kampuni. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalibadili lugha: kampuni inatakiwa kuandaa mpango wa kuhudumia jamii kila mwaka na kuukubali pamoja na halmashauri ya mahali. Mwaka 2018 mpango wa Mgodi wa Geita na halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, ulikuwa wa shilingi bilioni 9.2. Kilichokuwa zawadi kimekuwa meza ya watu wawili, na hilo ni jambo jema. Anayedai haki yake hana sababu ya kupiga magoti. Hata hivyo neno “kila mwaka” lina mtego wake. Darasa hujengeka ndani ya mwaka, na jina la mtoaji huandikwa ukutani. Kumlea mwalimu wa hisabati hakuishi ndani ya mwaka, wala kuizoesha kamati ya zahanati kutunza vitabu vya fedha. Ndiyo maana kuta ni nyingi kuliko watu wa kuzitumia. Na hata kampuni huweza kujifunza kudumu: kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI, zoezi ambalo mgodi huo ulilianzisha mwaka 2002, limekuwa likirudiwa mwaka hadi mwaka, na asasi zinazolitegemea zinaweza kupanga mambo yao mapema.

Kinyume chake kilionekana Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili iichunguze. Kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Taifa lina haki ya kuamua matumizi ya fedha zake, na nchi za Afrika zina wajibu wa kulipia dawa za watu wake. Hayo yote mawili yanaweza kusemwa bila kinyongo. Lakini namna ya kuondoka nayo ni suala la maadili. Torati iliamuru kwamba mtumwa aachwaye huru mwaka wa saba asiondoke mikono mitupu, bali apewe kutoka katika kundi, uwanda wa kupuria na shinikizo la divai (Kum 15:13, 14). Mwisho unaojulikana mapema, wenye mazungumzo na akiba ya kuanzia, ni sehemu ya ushirika. Mwisho wa ghafla humfanya mpokeaji ajue kwamba hakuwahi kuwa mshirika.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Fedha za muda mrefu zisizobanwa huzaa uvivu, watasema, tena huzaa wizi. Viongozi wa vikundi waliojenga nyumba zao kwa saruji ya zahanati wanajulikana, na baadhi yao huimba kwaya. Paulo hakuwa mjinga wa mambo hayo. Aliposimamia changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alihakikisha kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa anasafiri pamoja na fedha, ili mtu asipate la kumlaumu, mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Lakini angalia aliyechagua. Ni makanisa, si Paulo peke yake. Na changizo hilo halikuwa la siku moja. Wakorintho walikuwa wamelianza tangu mwaka uliopita, na Paulo anawahimiza walitimize. Uaminifu wa hesabu na uvumilivu wa miaka vinakaa katika sura moja. Kumdai mtu risiti si kumdharau. Kumdai risiti huku ukikataa kulipia mshahara wa mtunza hesabu, hilo ndilo lisiloeleweka. Na ni la kawaida sana.

Baadhi ya wafadhili wakubwa wameanza kuliona. Mwaka 2016 Mfuko wa Ford wa Marekani ulitenga dola bilioni moja kwa ajili ya asasi ambazo zingepewa fedha za miaka mitano kwa mkupuo, zikiwa huru kuzitumia hata kwa kodi ya ofisi na mafunzo ya watumishi wao. Katika ukubwa mwingine kabisa, jambo hilo hilo linalikabili kanisa mahalia. Washiriki huchangamka kwa Sadaka ya Sabato ya Kumi na Tatu kwa sababu ina mradi wenye jina na picha. Sadaka za kila Sabato, zinazobeba kazi ya kawaida mwaka mzima, hupata sarafu zilizobaki mfukoni. Na Dorkasi wa kanisa hupeleka sabuni na unga kwa mjane mwezi wa kumi na mbili, kisha wanamsahau hadi mwezi wa kumi na mbili mwingine. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro kanzu na nguo ambazo Dorkasi mwenyewe alizishona alipokuwa pamoja nao. Luka angeweza kuacha maneno hayo ya mwisho. Nguo zingebaki zile zile.

Wafilipi wanaonyesha ushirika huo katika umri wake. Paulo anaushukuru tangu siku ya kwanza hata wakati wa kuandika (Flp 1:5), yapata miaka kumi. Walimtumia mahitaji alipokuwa Thesalonike, tena si mara moja. Kisha kukawa na kimya kirefu. Paulo hakuficha kwamba kimya kilikuwapo, wala hakukilaumu. Anasema walikuwa wakimfikiri lakini hawakupata nafasi. Anawashukuru na papo hapo anawaambia kwamba amejifunza kuishi akiwa na vingi au akiwa na njaa, kwa hiyo hawajamnunua. Mpokeaji huyu hababaiki. Anakitamani zaidi kile kinachozidi katika hesabu ya watoaji wenyewe kuliko kipawa chao. Nao hawakutuma fedha tu. Walimtuma Epafrodito, ambaye aliugua karibu kufa katika kazi hiyo, na sasa Paulo ndiye anayehangaika kumrudisha nyumbani ili wenzake wafurahi. Ni vigumu kusema katika barua hiyo nani anamsaidia nani.

HASHI yenyewe haikubaki mbinguni. Baada ya 2004 kazi iliendelea kupitia kituo cha Serikali chenye jina jipya na fedha kidogo zaidi, na ngitili zimekuwa zikibanwa na mkaa, mashamba mapya na wingi wa mifugo. Baadhi zimekatwa. Nyingi zipo, kwa sababu wenye nazo ni watu walewale waliokuwapo kabla ya Norway kuja. Mvua zikianza, mzee hutangaza kwamba pale ng'ombe wasiingie tena, na watoto wa uchungaji wanajua mpaka uko wapi bila kuona bango.